Lugha ya Uwanjani na Lugha ya Darasani: Shughuli za Nje ya Masomo katika Shule za Msingi za Bunia

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Kongo kwa kawaida huishia mlangoni mwa darasa. Huulizwa ni lugha gani iandikwe ubaoni, vitabu vichapwe kwa lugha gani, na Kifaransa kianze mwaka wa ngapi. Swali linaloulizwa mara chache ni hili: mtoto anapotoka darasani akaingia uwanjani kucheza, kuimba, kufagia au kuigiza, anajifunza nini, na anajifunza kwa lugha gani?

Makala haya yanakusudia kulifafanua swali hilo kwa kuutazama mji wa Bunia, makao makuu ya Jimbo la Ituri. Hoja inayojengwa ni kwamba shughuli za nje ya masomo, ambazo wengi huzihesabu kuwa ni mapumziko tu, ni shule ya pili ya mtoto wa Bunia, na kwamba katika shule hiyo ya pili Kiswahili ndicho mwalimu mkuu.

2. Mahali pa Kiswahili katika Ituri

Ituri ni mkutano wa familia kadhaa za lugha. Kilendu, Kingiti na Kilugbara ni za kundi la Kisudani cha Kati. Kialur ni lugha ya Kinilo. Kihema cha kusini, Kibira na Kinyali ni lugha za Kibantu. Mipaka ya makabila na mipaka ya lugha hailingani daima: Wahema wengi wa kaskazini husema Kilendu.

Kiswahili kiliingia katika pande hizo pamoja na misafara ya Waungwana katika nusu ya pili ya karne ya 19, na ndiyo maana kwa muda mrefu kiliitwa Kingwana. Baada ya dhahabu kugunduliwa Kilo mwaka 1903, migodi iliwakusanya wafanyakazi wa makabila mbalimbali waliohitaji lugha moja ya kazi. Utawala wa kikoloni, misioni na biashara ya Ziwa Albert viliendeleza matumizi hayo. Upande wa Aru, Lingala ndiyo iliyopata nguvu zaidi. Lakini katika mji wa Bunia Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya mtaa na ya nyumba nyingi. Lililo muhimu kwa hoja yetu ni kwamba Kiswahili si mali ya kabila lolote kati ya makabila ya Ituri. Anayekisema hatambulishi ukoo wake.

Shuleni, hadhi ya lugha hiyo imepanda na kushuka. Wakati wa ukoloni lugha za Kiafrika zilitumika katika madarasa ya chini ya shule za misioni. Mara baada ya uhuru, Kifaransa kilifanywa lugha ya kufundishia. Mwaka 1974 Semina ya Taifa ya Kwanza ya Wanaisimu wa Zaire, iliyofanyika Lubumbashi mwezi Mei, iliurudisha kwa nguvu mjadala wa nafasi ya lugha za taifa katika elimu. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa na lugha za mazingira ya mtoto kuwa vyombo vya kufundishia na pia kuwa somo. Hata hivyo, katika utekelezaji, mtoto hutarajiwa kuhamia Kifaransa mapema, na mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi hufanywa kwa Kifaransa.

3. Siku ya mwanafunzi

Siku ya shule huanza kwa mistari. Watoto waliovaa shati jeupe na suruali au sketi ya buluu husimama mbele ya bendera na kuimba wimbo wa taifa, ambao ni wa Kifaransa. Wengi wa darasa la kwanza huyakariri maneno yake kwa sauti kabla ya kuyaelewa kwa maana. Mara tu mistari inapovunjika, lugha hubadilika: matangazo ya usafi, maonyo kwa wachelewaji na mgawanyo wa kazi hutolewa mara nyingi kwa Kiswahili, kwa sababu hapo kinachotakiwa ni kueleweka.

Kazi ya mikono ina historia yake. Neno «salongo», lililoenezwa na utawala wa Mobutu katika miaka ya 1970 kwa maana ya kazi ya pamoja, limebaki katika shule na mitaa ingawa utawala uliolieneza uliondoka mwaka 1997. Wakati wa kufyeka nyasi, kuchota maji au kumwagilia bustani, mtoto hujifunza majina ya zana, ya mimea na ya vipimo. Anajifunza pia sarufi ya kuamuru, kuomba, kukataa na kusuluhisha. Hizo ni stadi za lugha ambazo zoezi la kunakili ubaoni halimpi kwa urahisi.

4. Nzango na mpira

Mfano bora wa shule hii ya pili ni nzango, mchezo wa wasichana unaojulikana kote Kongo na uliozaliwa katika viwanja vya shule. Safu mbili hutazamana. Msichana mmoja kutoka kila upande hujitokeza. Wote wawili huruka na kupiga makofi kwa mpigo mmoja, kisha kila mmoja hutupa mguu mbele. Pointi hutegemea kama miguu iliyotolewa inalingana au inapishana, kufuatana na mapatano yaliyofanywa kabla ya mchezo. Nyimbo ndizo zinazoshika mwendo.

Kwa mtazamo wa elimu, nzango ni somo la hesabu, la muziki na la sheria kwa wakati mmoja. Wachezaji huhesabu pointi, hugombana juu ya mguu uliotolewa, huita mashahidi na kukubali uamuzi. Mabishano hayo ni matumizi ya lugha ya kiwango cha juu: kudai, kutoa ushahidi, kupinga na kuafikiana. Msichana ambaye darasani hujibu swali la mwalimu kwa neno moja la Kifaransa, uwanjani anaweza kutetea pointi yake kwa sentensi kumi zenye mantiki. Kama anapimwa kwa lile neno moja tu, shule inakosea katika kumpima.

Mpira wa miguu hufanya kazi hiyohiyo kwa wavulana, na zaidi na zaidi kwa wasichana pia. Msamiati wake una maneno mengi ya Kifaransa, lakini sentensi inayoyabeba ni ya Kiswahili.

5. Kiswahili kipi?

Ni lazima kukiri kwamba Kiswahili cha uwanjani si kile cha vitabu. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo husikika «batoto» mahali pa «watoto», «katoto» na «tutoto» kwa udogo, na «niko mwanafunzi» mahali pa «mimi ni mwanafunzi». Daftari ni «kaye» na kalamu ni «biki», kutokana na Kifaransa. Wanaisimu Nassenstein na Dimmendaal, walioandika juu ya Kiswahili cha Bunia, wameonyesha kwamba lugha hiyo ina tabaka zake, na kwamba wasemaji huchagua umbo moja au jingine kulingana na hali na kulingana na wanavyotaka kuonekana.

Kwa hiyo mtoto ana mizigo mitatu: Kiswahili cha uwanja, Kiswahili cha kitabu na Kifaransa. Walio na lugha nyingine nyumbani wana minne. Mwalimu anayekiita Kiswahili cha uwanja «kibovu» humwambia mtoto kwamba hana lugha kabisa. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza mwaka 1986 jinsi aibu ya kuadhibiwa kwa kusema Kigikuyu ilivyomtenganisha mtoto wa Kenya na mazingira yake. Aibu ya namna hiyo haihitaji fimbo, dhihaka inatosha.

Njia iliyo bora ni kujenga daraja, na shughuli za ziada ndizo mbao zake. Katika mchezo wa kuigiza, mtoto anayecheza muuza samaki hutumia lugha ya soko. Anayecheza hakimu hutafuta lugha ya heshima. Nyimbo za kwaya, ambazo mara nyingi huwa karibu na Kiswahili sanifu, humzoesha upatanisho wa sarufi bila kanuni kutajwa.

6. Watoto waliohama

Jambo hili lina uzito wa pekee Bunia. Vita vya Ituri vilivyoanza mwaka 1999 viliufikia mji kwa ukali mkubwa mwezi Mei 2003, na mitaa iligawanyika kwa makabila. Mapigano yaliyozuka tena Djugu kuanzia Desemba 2017 yalileta Bunia maelfu ya familia zilizokimbia vijiji, na baadhi zilikaa katika kambi kama Kigonze. Mtoto wa kijiji anayeingia shule ya mjini anaweza kuwa hajui Kifaransa wala Kiswahili vizuri.

Mtoto huyo hakisubiri Kiswahili darasani. Hukipata katika mstari wa nzango na katika kundi la mpira, ambako haulizwi ametoka kijiji gani bali ataruka zamu ya ngapi. Si kwamba mchezo unaleta amani. Uwanja nao una matusi yake. Lakini humpa mtoto lugha ambayo ndani yake anaweza kuwa mchezaji kabla ya kuwa mtu wa kabila fulani.

7. Vikwazo

Tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure mwezi Septemba 2019, watoto wengi zaidi wameingia shuleni. Hilo ni jema, lakini madarasa yamejaa. Pale ambapo majengo hutumika kwa zamu mbili, asubuhi na alasiri, saa za kwanza kukatwa ni zile za michezo, nyimbo na maigizo. Wazazi nao huuliza mchezo utamsaidiaje mtoto katika mtihani. Swali lao ni halali, na jibu lake ni kwamba mtoto hawezi kufikiri vizuri kwa lugha ya pili ikiwa hajazoezwa kufikiri kwa ile ya kwanza.

8. Hitimisho

Mambo matatu yanaweza kufanyika bila fedha nyingi. Kwanza, saa za michezo na maigizo zilindwe katika ratiba kama zilivyo saa za hesabu. Pili, vyuo vinavyoandaa walimu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Ualimu cha Bunia (ISP), viwazoeze kusikiliza lugha ya uwanjani kabla ya kuisahihisha. Tatu, wanafunzi wa isimu wakusanye nyimbo na mabishano ya michezo hiyo, kwa kuwa humo kuna sarufi ambayo bado haijaandikwa.

Kengele ya mapumziko inapolia, mwalimu hufunga kitabu. Mtoto yeye ndipo anapofungua kinywa.