Toba ya Saa ya Mwisho kwa Wakristo

Mtu akienda kumzuru jirani Mkatoliki aliye mahututi, huenda akamkuta padre kando ya kitanda na kichupa cha mafuta. Watu wa nyumbani hutoka nje kidogo, mgonjwa apate kuungama dhambi zake kwa faragha. Kisha hupakwa mafuta pajini na viganjani, akaombewa. Je, wenzetu hao huitakidi nini juu ya mtu aliyeasi umri wake wote, akatubu siku ya kufa?

Asili yake ni kisa kilichomo katika Injili ya Luka. Wakristo huamini kwamba Yesu alisulubiwa pamoja na wahalifu wawili. Mmoja alimkebehi, wa pili alikiri kuwa yeye anastahili adhabu, akaomba akumbukwe. Akaahidiwa Pepo siku ile ile. Hakupata muda wa kubatizwa, wala wa kutenda jema lolote. Ndiposa wakasema mlango wa toba u wazi maadamu mtu yu hai.

Ama mlango huo ulizua hila. Katika karne ya 4 watu wengi, kwa kuamini kuwa ubatizo hufuta dhambi zote zilizotangulia, waliona heri wauahirishe. Mashuhuri wao ni Constantine, Kaisari wa Rumi. Yeye ndiye aliyewaita maaskofu mkutanoni Nicaea mwaka 325, na mwaka uliofuata mwanawe Crispus aliuawa kwa amri yake. Hakubatizwa mpaka alipougua mwaka 337, karibu na Nicomedia. Alivaa nguo nyeupe, akakataa kurudia joho la kifalme, akafa mwezi wa Mei. Alitubu, au alipiga hesabu? Ajuaye ni Mungu.

Kanisa halikuufunga mlango. Mkutano wa Nicaea uliagiza kwamba anayekufa asinyimwe Komunyo, yaani masurufu yake ya safari. Mwaka 428 Papa Celestine I aliwalaumu waliowakatalia toba watu waliokuwa kufani.

Hata hivyo, madhehebu hayakuafikiana. Wakatoliki husema aliyetubu huokoka na Jahanamu, lakini aweza kupitia toharani kutakaswa. Mafuta nayo, tangu mageuzi ya Papa Paul VI ya mwaka 1972, hayangojei mtu akate roho; hupakwa mgonjwa yeyote aliye hatarini. Waprotestanti huikana toharani. Kwao mtu huokoka kwa imani peke yake, iwe ya ujanani au ya dakika ya mwisho. Lakini hata miongoni mwao wapo walioonya. Mwanachuoni wa Kianglikana Jeremy Taylor, katika karne ya 17, aliitilia shaka sana toba ya kitandani, kwani mazoea ya miaka hayang'oki kwa siku moja.

Sisi Waislamu tumefunzwa kuwa toba hukubaliwa kabla ya roho kufika kooni, na kwamba Firauni aliposema ameamini huku maji yakimgharikisha, hakukubaliwa. Na haki ya mja haifutiki kwa machozi. Hapana budi irudishwe kwa mwenyewe.

Itikadi zetu ni mbali mbali, lakini hofu ni moja. Yule mhalifu aliijua saa yake, kwani alikwisha kutundikwa. Ni nani kati yetu aijuaye yake? Ngoja ngoja huumiza matumbo, na majuto ni mjukuu.