Kanuni za Mtego: Kutoka Pango la Mango hadi Squid Game

Mzee wa Kibukusu anaposimulia jinsi Mango alivyoliua joka, haanzi na upanga. Anaanza na pango. Joka lile, ambalo wengi hulitaja kwa jina la Yabebe, lilikuwa limewamaliza watu na mifugo, na lilikuwa na mazoea yake: lilitoka kwenda kuwinda, likarudi, likaingia pangoni kulala. Mango akayasoma mazoea hayo. Akanoa silaha, akaingia pangoni joka likiwa nje, akajibanza gizani. Liliporudi na kutanguliza kichwa, akakikata. Wasimulizi huongeza kwamba kichwa kiliruka kikauma mti, na mti ukanyauka papo hapo. Majirani ambao Wabukusu huwaita Barwa walikuwa wameahidi kumtahiri akifaulu, nao wakatimiza. Mwiala, palipotokea haya, masimulizi mengi hupaweka ng'ambo ya mpaka, mashariki mwa Uganda, lakini kisa chenyewe kinaishi Bungoma. Kila mwezi wa Agosti wa mwaka unaogawanyika kwa 2, mtahiriwa anaporudi kutoka mtoni amepakwa matope, huimbiwa Sioyaye, na Mango hukumbukwa upya.

Watazamaji huniuliza kwa nini filamu ya mitego kama Saw inawakosesha usingizi ilhali nyingine yenye damu mara kumi zaidi inawachosha tu. Jibu limo pangoni mwa Mango. Pango lina mlango mmoja, na njia ya kutokea ndiyo hiyohiyo litakayoingilia joka. Mango ana pigo moja. Likikosa, hakuna la pili. Joka liko njiani, kila pumzi inalileta karibu. Na juu ya hayo yote, msikilizaji anajua jambo ambalo joka halijui. Damu inakuja mwishoni, kwa sentensi moja, na wakati huo hofu imekwisha kufanya kazi yake yote.

Mwongozaji Alfred Hitchcock alilieleza jambo hili kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wanazungumza, bomu linalipuka ghafla: mtazamaji anashtuka kwa sekunde 15. Lakini mwonyeshe kwanza bomu likitegwa, mwonyeshe na saa ukutani, kisha waache watu walewale waendelee na soga zao. Sasa umempa dakika 15 za roho mkononi. Mazungumzo hayajabadilika hata neno. Kilichobadilika ni kwamba mtazamaji amepewa kanuni za mtego mapema.

Wapenzi wa vibanda vya video wa Bungoma, Webuye, Chwele na Kitale hawakuhitaji kusomeshwa hili na mtu. DJ Afro, msimulizi ambaye jina lake halisi ni James Muigai, alijijengea umaarufu Kenya nzima kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng. Msimulizi wa aina yake hatafsiri tu. Anadokeza: huyu anayecheka ni msaliti, yule anayeingia mlangoni hajui kinachomsubiri. Benchi zima linaanza kupiga kelele kumwonya mhusika asiyeweza kusikia. Wapo wanaosema msimulizi huharibu filamu kwa kutangulia mbele ya mambo. Mimi naona anafanya kazi ileile ya Hitchcock, tena anaifanya kwa sauti.

Kuna imani moja ya vibandani, hata hivyo, ambayo filamu za mitego zimekuja kuivunja. Tumelelewa tukiamini kwamba stelingi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, ataachwa akidhaniwa maiti, lakini mwisho atainuka. Katika filamu ya Kijapani Battle Royale ya mwaka 2000, wanafunzi 42 wa darasa moja wanapelekwa kisiwani, wanavishwa kola za kulipuka shingoni, na wanapewa siku 3 wauane hadi abaki mmoja. Hujui umshike nani mkono. Mtu aliyezoea sinema za mapigano huingia humo bila ile kinga yake ya kawaida, na hilo pekee linatosha kumtetemesha.

Tazama sasa namna watu wanavyoingia mtegoni, maana hapo ndipo mwandishi wa filamu anapoonyesha anachoamini kuhusu ulimwengu. Saw, iliyoongozwa na James Wan mwaka 2004, inawakamata watu ambao mtegaji amewahukumu kwamba hawaithamini pumzi waliyopewa. Wanaume wawili wanaamka chooni wamefungwa minyororo miguuni, wanapata misumeno, na misumeno haikati minyororo. Inaweza kukata mguu. Kanuni nzima ya filamu imo katika kifaa kimoja kinachofaa kwa kazi usiyotaka kuifanya, na filamu haihitaji kukuonyesha mengi ili uelewe. Katika kazi zilizofuata chini ya jina hilo, mitambo ilizidi kuwa ya ajabu na nyama ikazidi kuonekana, na kwangu mimi hofu ikapungua kwa kiasi hichohicho.

Cube, filamu ya Kanada ya mwaka 1997, inakataa hata kusema kosa la watu ni lipi. Wageni wasiojuana wanajikuta ndani ya vyumba vya mraba vilivyoungana pande zote, vingine salama, vingine vya kuua, na hakuna anayejua ni nani aliyevijenga au kwa nini. Mtego wa panya, wahenga walisema, huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Njia ya tatu ya kuingia ndiyo inayoniuma zaidi, na ndiyo iliyoifanya tamthilia ya Squid Game ya Hwang Dong-hyuk kuzungumziwa kote duniani ilipotoka Septemba 2021. Wachezaji 456 wanaingia kwa hiari. Mchezo wa kwanza unawaacha 201, wengine wote wamepigwa risasi. Waliobaki wanapiga kura, wanaoutaka mchezo uvunjwe wanashinda kwa kura moja, milango inafunguliwa, wanarudi makwao. Kisha wengi wao wanarudi wenyewe. Nje kuna madeni, mama mgonjwa, wadai wanaobisha hodi. Wakati huo unaelewa kwamba uwanja ule wenye bunduki ulikuwa chumba cha pili tu cha mtego, na cha kwanza ni maisha yao ya kila siku. Mtu wa Bungoma aliyechukua mkopo wa simu kulipa mkopo wa simu haelezwi hili mara mbili. Hata watoto wetu waliitambua michezo yenyewe: gololi zinazochezwa humo ni bano zilezile za uwanjani shuleni.

Mchezo ule wa kwanza una kanuni ya kutotikisika. Mwanasesere mkubwa anageuka, na anayesogea anakufa. Nilipoutazama nilifikiria ua wa nyumbani asubuhi ya tohara, kijana amesimama mbele ya ngariba na macho ya ukoo mzima yako usoni mwake. Akitetemeka, aibu itamfuata. Tofauti ni kubwa mno na nisingependa ipotee: pale uani, macho yale yote yanamtakia afaulu. Jamii imemtayarisha, imemwimbia, na inamsubiri upande wa pili kama mwanamume. Katika tamthilia hiyo, macho yanayotazama ni ya matajiri waliovaa vinyago na kuwekeana dau. Mateso yale hayamvushi mtu kwenda popote.

Kenya imewahi kuwa na mtego halisi ulioingia kwenye filamu. Mwaka 1898, simba wawili walikuwa wakiwala wajenzi wa reli huko Tsavo. Mhandisi John Patterson akajenga kizimba cha sehemu mbili: upande mmoja watu kama chambo, upande wa pili mlango wa kuanguka, na vyuma katikati. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 anasimulia kwamba simba aliingia kweli na mlango ukaanguka. Askari wa Kihindi waliokuwa ndani wakaganda kwa hofu. Walipoanza kufyatua, risasi zilikwenda kila upande, moja ikavunja chuma cha mlango, na simba akatoroka. Filamu ya The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996 ililitumia tukio hilo, lakini ilipigwa picha Afrika Kusini na kuwatumia simba wenye manyoya marefu shingoni, ilhali wale wa Tsavo hawakuwa nayo. Watu waliowekwa chambo ndani ya kizimba hicho wanastahili filamu yao wenyewe, inayokaa nao upande wao wa vyuma.

Na filamu ya namna hii haidai utajiri. Cube ilijengewa chumba kimoja hasa, kilichobadilishwa rangi ya kuta ili kionekane vingi. Saw ilipigwa picha kwa siku 18, kwa bajeti ya takriban dola milioni 1.2, ikaingiza zaidi ya milioni 100. Hata hizo ni fedha nyingi kwetu, basi tuangalie karibu zaidi: huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200, na sauti ya msimulizi VJ Emmie ikawa sehemu ya filamu yenyewe.

Kwa vijana wa Bungoma na Kitale wanaonitumia miswada yenye maiti 12 kufikia ukurasa wa tano, ombi langu ni hili. Punguzeni maiti. Tafuteni chumba kimoja, ghala la mahindi au pango la Mlima Elgon. Andikeni kwanza kanuni za mtego kwenye karatasi moja: nani ameingia, kwa nini hawezi kutoka, nini kinakuja na kitafika lini. Mwambieni mtazamaji mapema. Kisha, mkimaliza, ipelekeni kazi kwenye Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini ipewe alama yake, na kama ni 18, mwenye kibanda asiwafungulie watoto mlango.