Mkahawa Usio na Mlango

Usiku umekuwa mwingi. Kwenye pembe ya barabara pana mkahawa wenye kuta za kioo, na ndani yake taa zawaka kwa mwanga mkali. Wamo watu wanne: mhudumu aliyevaa nguo nyeupe, mwanamume na mwanamke walioketi bega kwa bega bila kutazamana, na mwanamume mwingine aliyetupa mgongo. Nje hapiti mtu.

Hii ni picha ya Edward Hopper, mchoraji wa Marekani, aliyoimaliza mjini New York Januari 1942. Mwezi uliotangulia Wajapani walikuwa wameshambulia Pearl Harbor, na mji ulihofia mabomu. Mkewe Josephine, mchoraji pia, alitaabika kwa hofu hiyo. Mumewe aliendelea kuchora. Hata hivyo yeye ndiye aliyekaa mbele yake ili achorwe yule mwanamke. Kwa wanaume, Hopper alijitazama mwenyewe kwenye kioo.

Mtazamaji akiutafuta mlango wa kutokea barabarani, hauoni. Upo mmoja tu, nao waelekea jikoni. Anayepanga chumba mjini, asiyejua hata jina la jirani wa ukuta wa pili, hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Baadaye Hopper alikiri kwamba labda, pasipo kujua, alikuwa akichora upweke wa mji mkubwa.

Wenyewe waliishi orofa ya juu, Washington Square, ambako makaa ya jiko yalipandishwa ngazi 74. Hopper alihamia humo mwaka 1913, akafia humo mwaka 1967.