Biolojia kwanza, kisha afya ya umma: miaka mitano inatosha?

Swali hili linarudi kila mara kwenye meza yetu, na safari hii limetoka kwa mama mumoja wa Keshero. Binti yake yuko mwaka wa pili wa biolojia na anataka kumaliza na masta ya afya ya umma. Mutu amemuambia kwamba itabidi arudi kuanza upya, mwaka wa kwanza, kwenye fakilte ingine. Mama anauza unga sokoni. Kwake yeye miaka mitatu ya ziada ni minervali, ni feza ya moto kila asubuhi, ni mutoto mwengine atakayengoja nyumbani juu dada hajamaliza. Kwa hiyo tujibu polepole.

Jibu la kwanza: hapana, si lazima arudi nyuma. Kinachosumbua watu wengi ni jina. Wazazi waliosoma zamani wanajua gradua ya miaka 3, halafu lisansi ya miaka 2. Lisansi ya leo si lisansi ya baba yako. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilifungua mulango wa mufumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 serikali iliagiza vyuo vyote vya inchi vifuate mufumo huo. Sasa lisansi ni miaka 3 na krediti 180, masta ni miaka 2 na krediti 120. Jumla ni miaka 5, ile ile ambayo zamani ilikupa lisansi tu. Yaani mutu wa leo anaweza kufika kwenye masta kwa muda ambao kaka yake mukubwa alitumia kufika kwenye lisansi. Kwetu hiyo njo njia ya mukato, hata kama hakuna anayeiita hivyo.

Vijana wenye kuzunguka kwenye intaneti wanatuuliza pia juu ya mipango ya Marekani, inayotangazwa kama biolojia na masta ya afya ya umma kwa miaka 5. Kule mambo yanaenda hivi: shahada ya kwanza ni miaka 4, masta kwa kawaida miaka 2. Mwanafunzi mwenye alama nzuri anaruhusiwa kuanza kozi za masta akiwa bado mwaka wa nne, na krediti za kozi hizo zinahesabiwa pande zote mbili. Shahada ya kwanza inaomba krediti karibu 120, masta ya afya ya umma isiyopungua 42. Tuseme 12 zinahesabiwa mara mbili: badala ya 162 unasoma 150, na mwaka mumoja unapungua. Hakuna uchawi. Ila usilinganishe 120 zao na 180 zetu, krediti ya kule na ya hapa hazipimwi kwa kipimo kimoja. Tena usisahau: wao wanakata mwaka juu wako na 6, na sisi miaka 5 tuko nayo tayari.

Sasa, kwa nini biolojia? Wengine wanaona afya ya umma ni ya madaktari na wauguzi peke yao. Sisi hatukubali, na Keshero yenyewe inaonyesha sababu. Teremka kwenye ziwa asubuhi uone watoto na bidoni za manjano. Mwanafunzi wa biolojia anajua kijidudu cha kolera, anajua kinaishi namna gani ndani ya maji, na kwa nini klorini inakiua. Lakini hajafundishwa kuhesabu ni nyumba ngapi zinateka pale, kwa nini avenue moja ina wagonjwa na ile ya jirani haina, wala namna ya kusadikisha familia iweke klorini wakati maji yanaonekana safi kabisa. Kazi hiyo ya pili njo afya ya umma. Goma ililipa bei kali kwa kukosa maji safi: Julai 1994, kati ya wakimbizi waliovuka kutoka Rwanda, watu karibu 50,000 walikufa kwa mwezi wa kwanza tu, wengi wao kwa kolera na kuhara.

Ebola pia ilitufundisha. Ugonjwa ulitangazwa Agosti 2018, ukaingia Goma Julai 2019, ukaisha Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Wakati ule walihitajika watu wa laboratware na watu wa kufuatilia waliogusana na wagonjwa, na mutu aliyeelewa pande zote mbili alikuwa wa lazima. Leo Goma ina laboratware yake ya INRB, na mwaka 2024 chanjo ya mpox ilianzia hapa hapa mujini, mwezi wa kumi.

Jambo moja tuliseme wazi, juu limeshaleta aibu kwa familia: masta hii haikufanye daktari. Pale mutaani watakuita "dokta" tu, lakini hauna ruhusa ya kuandikia mutu dawa.

Wapi kusoma? Kinshasa kuna Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu, iliyoanza miaka ya 1980, lakini tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe Januari 2025, kufika kule ni safari nzito. Bukavu, Chuo Kikuu cha Kikatoliki kina shule ya mukoa ya afya ya umma. Hapa Goma, ULPGL inafundisha mambo ya afya ya jamii tangu zamani. Kila chuo kina masharti yake, na hapa njo jibu la pili kwa mama yetu: chuo kinaweza kumukubali binti lakini kimupe kozi za kujaza pengo, hasa takwimu, epidemiolojia na namna zoni ya afya inavyofanya kazi. Kingine kinaweza kuomba kwanza staji ao miaka ya kazi.

Binti bado ana mwaka mzima mbele yake, autumie. Achague memwari inayogusa maji, malaria ao kolera, isiwe majani ya mulimani tu (tusamehe, wapenzi wa majani). Ajifunze Epi Info, haiuzwi. Aombe staji kwenye kituo cha afya, aone namna muuguzi anavyojaza ripoti ya kila wiki.

Na kabla ya kulipa hata franga moja ya inskripsio, aende aparitora ya chuo anachotaka na rileve za miaka yote, aulize: lisansi ya biolojia inakubaliwa? Kozi za kujaza pengo ni ngapi, zinalipiwa pembeni? Zinaongeza mwaka ao zinasomwa pamoja na masta? Jibu alichukue kwa maandishi, lenye muhuri, juu yule aliyejibu kwa mudomo mwezi wa nane anaweza asiwe tena kwenye kiti mwezi wa kumi na moja.