Ukipanda Ndege Marangu, Unaanza kwa Kuipa Dar Mgongo

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, KIA, hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 450 angani, na ndege huzimaliza kwa saa moja na dakika chache. Kwa barabara, Moshi hadi Dar ni kama kilomita 560, na basi huchukua saa tisa au kumi. Ukiishia hapo, basi limeshindwa vibaya.

Sasa ihesabu safari hiyo kuanzia Marangu Mtoni. Unashuka hadi Himo, njia panda. Basi la Dar linashika njia ya Mwanga, Same na Korogwe. Wewe wa ndege unakwenda kinyume: unapita Moshi mjini, Boma Ng'ombe, ndipo ufike KIA, uwanja uliofunguliwa mwaka 1971 katikati ya Moshi na Arusha. Hizo ni takriban kilomita 80, na karibu zote zinakusogeza mbali na Dar. Kwa gari ni saa mbili hivi. Ongeza muda wa kuwahi uwanjani, ongeza kusubiri mzigo, ongeza foleni ya Barabara ya Nyerere, na ile saa moja imeshakuwa sita au saba. Aliyepandia Himo asubuhi uliyotoka nyumbani yuko Segera au amekaribia Chalinze.

Sisemi ndege haina maana. Anayewahi maziko, mgonjwa asiyeweza kukaa kitini kutwa, na anayeunganisha safari ya nje, wote nawashauri wakate tiketi ya ndege bila kusita, tena waombe kiti cha kushoto wakienda Dar, maana Kibo na Mawenzi huonekana upande huo mawingu yakiruhusu. Ninachopinga ni kupima safari kwa muda wa angani peke yake. Mtalii wa Amsterdam hukaa hewani zaidi ya saa nane, kilomita zipatazo 6,900, kuja kuupanda Mlima Kilimanjaro. Kwa muda huohuo jirani yangu wa Marangu aliyepanda basi anakuwa bado hajafika Mbezi, Dar.

Jambo lililobadili hesabu kweli ni ruhusa ya mabasi kusafiri usiku, iliyorudi mwaka 2023. Desemba, Wachagga wanapopanda nyumbani kwa Krismasi, mtu anamaliza kazi Dar, anapanda basi kituo cha Magufuli jioni, analala njiani, anashukia Himo alfajiri na kuchukua Noah ya Marangu. Hakupoteza siku ya kazi wala siku ya likizo. Wa ndege, hata akitua mapema, anahitaji gari la kumtoa KIA hadi mlimani, na nauli ya teksi kwa umbali huo si ya kuisahau unapolinganisha bei. Januari, wakati wa kurudi mjini na mikungu ya ndizi, buti la basi litaimeza yote. Uwanjani mizigo hupimwa kwa kilo.