Herufi tatu zinazoficha risasi

Mnamo Agosti 2018, Arua ilikuwa katika uchaguzi mdogo. Mbunge wa manispaa hiyo, Ibrahim Abiriga, aliyejulikana Uganda nzima kwa mavazi yake ya manjano, alikuwa ameuawa kwa risasi tarehe 8 Juni karibu na nyumbani kwake wilayani Wakiso, pamoja na mlinzi wake. Tarehe 13 Agosti, kampeni zikifikia ukingoni, Yasin Kawuma, dereva wa mbunge Robert Kyagulanyi, alipigwa risasi akiwa ndani ya gari mjini Arua, akafa. Kyagulanyi mwenyewe alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Gulu kwa shtaka la kumiliki silaha, shtaka lililoondolewa tarehe 23 mwezi huohuo.

Katika habari za siku zile, silaha zilitajwa kwa herufi tatu: SMG.

Kutoka Arua hadi Koboko hakuna asiyezijua herufi hizo. Ndiyo bunduki ya askari wa doria, ndiyo ya mlinzi mlangoni pa benki. Anayesema SMG anamaanisha AK-47 au ndugu zake. Tatizo ni kwamba, kwa mafundi wa silaha, SMG ni kitu kingine kabisa: ni bunduki fupi ya rashasha inayofyatua risasi ya bastola. Nayo AK haitumii risasi ya bastola.

Mzizi wa mkanganyiko huu unaonekana kuwa China. Wachina walipoanza kutengeneza AK yao, Type 56, waliiweka katika kundi la SMG, na bunduki yao nyingine, SKS, wakaiita ya nusu-otomatiki, ile ambayo Afrika Mashariki inaitwa SAR. Jeshi la Tanzania lilikuwa na silaha nyingi za Kichina, na mwaka 1979, katika vita na Uganda, lilipita West Nile, eneo la Arua na Koboko, likiwafuatilia askari wa Idi Amin, hadi vita vikaisha tarehe 3 Juni kwenye mpaka wa Sudan. Mpaka leo magazeti ya Tanzania nayo huandika SMG na SAR. Si ajabu jina likawa limesafiri na mtutu.

SMG za kweli ni kama Sterling ya Uingereza, yenye magazini ya risasi 34, au Uzi ya Israel, nchi iliyofundisha jeshi la Uganda hadi Amin alipowafukuza Waisraeli mwaka 1972. Binamu yao wa kiraia ni karabini ya risasi ya bastola. Ina kitako cha kuegemeza begani na mtutu mrefu kuliko wa bastola, lakini hutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa. Wazo lenyewe ni la zamani. Huko Marekani bunduki ya Winchester ya mwaka 1873 ilipata umaarufu, na kampuni ya Colt ikatengeneza bastola inayotumia risasi zilezile, ili mtu abebe aina moja tu mkandani.

Tofauti kubwa imo ndani ya risasi. Ile ya bastola ya milimita 9 ina uzito wa takriban gramu 8. Ya AK nayo ni takriban gramu 8. Lakini ya kwanza hutoka mtutuni kwa mita 350 hadi 400 kwa sekunde, ya pili kwa zaidi ya mita 700. Kwa kuwa nguvu huongezeka kwa mraba wa kasi, uzito uleule unabeba nguvu karibu mara nne. Karabini ya milimita 9 inafaa kwa umbali wa takriban mita 100. Kifaa cha kulengea cha AK-47 kimewekewa alama hadi mita 800.

Kwa hiyo anayechagua silaha ya ulinzi anachagua pia risasi itafika wapi. Askari anayelinda mpaka upande wa Koboko, ambako Uganda, Sudan Kusini na Kongo zinakutana, ana uwanja mpana mbele yake. Mlinzi wa duka sokoni Arua ana bodaboda, wauza nyanya na watoto wa shule hatua chache tu kutoka alipo. Kumpa huyu silaha ileile ya yule ni uamuzi mzito, na unastahili kufanywa kwa macho wazi. Hata silaha mbadala kwa mlinzi huyo hazikosi mipaka: bunduki ya marisau ina yake na karabini ina yake, kwani risasi ya bastola nayo inaua na kupenya ukuta mwembamba, na silaha fupi huficika kirahisi.

Aina ya silaha haitoshi bila udhibiti wa anayeishika. Mei 2023 waziri Charles Engola aliuawa na mlinzi wake mwenyewe. Siku kumi baadaye polisi aliyekuwa nje ya zamu alimuua mkopeshaji fedha jijini Kampala kwa AK aliyoichukua kwa mwenzake.

Baada ya kifo cha Abiriga, Rais Museveni aliliambia Bunge tarehe 20 Juni 2018 kwamba kila bunduki itachukuliwa alama zake, ili ganda lililookotwa liweze kurudishwa kwa silaha iliyolitema. Kazi hiyo inaanzia kwenye daftari la polisi, na hapo ndipo neno SMG peke yake halitoshi: karibu nalo panahitajika kipimo. Ganda la bastola ya milimita 9 lina urefu wa milimita 19. La AK lina 39. Kati yao kuna sentimita mbili, na rula ya mtoto wa shule inatosha kuzipima.