Kufunga Choo na Kiungulia: Tumbo Lako Linakuambia Nini?

Mtu akishikwa na malaria husema. Mtoto akihara, mama hukimbia naye kituoni. Lakini aliyekaa siku tano bila kwenda haja kubwa hunyamaza kwa aibu, na anayeamka usiku kifua kikimuwaka hununua kidonge dukani, akameza na kulala tena. Makala haya yanahusu shida hizo mbili: kufunga choo na kiungulia. Tutaeleza zinatoka wapi, watafiti wamegundua nini, unaweza kufanya nini ukiwa hapa kambini, na ni wakati gani hupaswi kungoja hata siku moja.

Mtu akihama, tumbo nalo huhama

Mfikirie mkulima wa Molo. Nyumbani alikula githeri, viazi, kabichi na minji kutoka shambani mwake, na kutwa nzima alikuwa na jembe mkononi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilizuka, na maelfu ya watu wa Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya wakakimbia. Baadhi yao walivuka mpaka kupitia Busia na Malaba, wakapokelewa Mulanda katika wilaya ya Tororo nchini Uganda, kisha mwaka 2008 wakahamishiwa Kiryandongo. Wengine miongoni mwenu mlipita njia kama hiyo kutoka Sudan Kusini, Kongo, Burundi au Somalia.

Mtu akifika kambini, mambo mengi hubadilika kwa pamoja. Mboga hupungua na unga huongezeka. Maji hupatikana kwa foleni, kwa hiyo watu hunywa kidogo. Kazi ya shamba hukosekana na mtu hukaa sana. Choo kiko mbali, na usiku kina mama huogopa kwenda, wakajizuia mpaka asubuhi. Juu ya hayo kuna mawazo mengi. Kila moja ya mambo haya huweza kumfungisha mtu choo, na hapa yamekutana yote.

Utafiti uliofanyika kwa majirani zetu

Je, wajua kwamba utafiti uliofundisha ulimwengu juu ya kufunga choo ulitegemea sana watu wa Afrika Mashariki? Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na baadaye katika hospitali ya Mulago, Kampala. Yeye na mwenzake Hugh Trowell, aliyetibu watu Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, waliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaza hospitali za Uingereza yalikuwa nadra kwa watu wa vijijini huku kwetu.

Ili kujua sababu, Burkitt na wenzake walitumia njia rahisi. Watu walimeza vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye picha ya eksirei. Kisha choo chao kilikusanywa na kupigwa picha, ili ijulikane vipande vile vimechukua muda gani kupita tumboni. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita kwa muda wa kama saa 36, na choo chao kwa siku kilikuwa na uzito wa kama gramu 470. Kwa wanamaji wa Uingereza na wake zao, waliokula mkate mweupe na vyakula vilivyokobolewa, muda ulikuwa zaidi ya saa 80, na choo kilikuwa kama gramu 104 tu.

Tofauti kubwa waliyoiona ilikuwa katika chakula. Wanakijiji walikula chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, yaani ile sehemu ya mmea isiyosagika tumboni: ganda la nafaka, ngozi ya maharagwe, mishipa ya mboga. Nyuzinyuzi hushika maji, hulainisha choo na kukisukuma mbele. Zikikosekana, choo hukaa muda mrefu kwenye utumbo mpana, utumbo hufyonza maji yake, na choo hubaki kikavu kama mawe.

Ulinganisho ule peke yake haukutosha kuwa uthibitisho, maana wanakijiji na wanamaji walitofautiana kwa mengi. Ndiyo maana baadaye watafiti walifanya majaribio: kundi moja la wagonjwa lilipewa nyuzinyuzi, na jingine likapewa kitu kisicho dawa. Mwaka 2022 majaribio 16 yalikusanywa pamoja. Kati ya kila watu 100 waliopewa nyuzinyuzi, kama 66 walipata nafuu. Katika kundi la pili walikuwa 41. Waliofaidika zaidi ni waliozitumia kwa wiki 4 au zaidi. Kwa hiyo usikate tamaa baada ya siku mbili.

Fanya hivi ukifunga choo

1. Usikoboe mahindi. Ukipeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga, omba yasagwe pamoja na ganda lake. Unga wa dona si mweupe sana, lakini tumbo linaupenda.

2. Kula maharagwe, njegere au kunde kila siku ukiweza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa hutoa karibu nusu yake. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, kisha yapike mpaka yaive vizuri ili gesi ipungue.

3. Panda mboga hata kama huna shamba. Sukuma wiki, mchicha na majani ya kunde huota kwenye gunia lililojazwa udongo nje ya nyumba. Papai na viazi vitamu pia husaidia.

4. Kunywa maji. Utafiti uliofanywa Italia mwaka 1998 ulionyesha kwamba, kati ya watu waliokula nyuzinyuzi sawa, walionywa kama lita 2 kwa siku walipata nafuu zaidi kuliko walionywa kama lita moja. Nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukufunga zaidi.

5. Usijizuie. Haja inapokuja, nenda. Wakati mzuri ni asubuhi baada ya kula, kwa kuwa tumbo linapopokea chakula utumbo mpana nao huanza kusukuma. Ikiwa unaogopa kwenda chooni usiku, nendeni wawili mkiwa na tochi, na mwelezeni kiongozi wa mtaa wenu. Usalama wa njia ya choo ni suala la afya, msione haya kulisema.

6. Chunguza unachomeza. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito, na dawa kali za maumivu zenye kodeini, huweza kufunga choo. Mama mjamzito, usiache vidonge vya damu. Mweleze mkunga akushauri. Udongo na mawe ya kula, yale yanayoitwa odowa sokoni, hufunga choo na huendana na upungufu wa damu. Yaache.

Usimwekee mtoto sabuni, mafuta ya taa au dawa za miti shamba kwenye njia ya haja kubwa. Zinaweza kuchoma utumbo au kumuua. Mtoto anayenyonya tu, aliyepita wiki 6 za kwanza, anaweza kukaa siku kadhaa bila choo. Ikiwa choo ni laini kinapotoka, ananyonya vizuri na anaongezeka uzito, hana ugonjwa.

Kiungulia: asidi iliyopotea njia

Tumbo lina asidi kali ya kusaga chakula, na ukuta wake umeumbwa kuistahimili. Lakini umio, yaani mrija wa chakula kutoka kooni, hauna kinga hiyo. Kati ya umio na tumbo kuna msuli unaofunga kama mlango. Mlango huo ukilegea, asidi hupanda, na unahisi moto kifuani au uchachu mdomoni, hasa ukiinama au ukilala. Mimba, unene, sigara, pombe na kulala mara baada ya kushiba huongeza shida hii.

Watu wengi wenye kiungulia huambiwa waache maharagwe, pilipili, nyanya, chai, karibu kila kitu. Lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yaligundua kwamba yaliyothibitika kusaidia ni mawili: kupunguza uzito kwa aliyenenepa, na kuinua upande wa kichwa wakati wa kulala. Ushahidi wa kuacha vyakula fulani ulikuwa mdogo. Kwa mtu anayeishi kwa mgao wa chakula, jambo hili ni kubwa. Usijinyime maharagwe kwa sababu jirani amesema. Acha kile tu ambacho wewe mwenyewe umeona kinakuchoma kila ukikila.

Fanya hivi: kula mapema, saa mbili au tatu kabla ya kulala. Kula kidogo kidogo badala ya mlo mmoja mzito wa usiku. Ikiwa una kitanda, weka matofali chini ya miguu ya upande wa kichwa. Ikiwa unalala chini, weka gunia la majani makavu chini ya mkeka, kuanzia mgongoni hadi kichwani. Mto peke yake hukunja shingo tu. Lalia ubavu wa kushoto.

Usinywe maji ya magadi kila mara kutuliza moto. Yana chumvi nyingi, na ni hatari kwa mwenye shinikizo la damu na kwa mjamzito.

Si kila maumivu ni "asidi"

Maumivu ya chembe ya moyo yanayorudi kila mara yanaweza kuwa vidonda vya tumbo. Zamani ilidhaniwa vidonda huletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa kwa hiari bakteria aitwaye Helikobakta pailori, akaugua uvimbe wa tumbo, akaonyesha kwamba bakteria huyo hudhuru tumbo. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Leo bakteria huyu hupimwa, kwa mfano katika choo, na hutibiwa kwa dawa kadhaa zinazotumiwa pamoja kwa siku 10 hadi 14. Ukipewa dawa hizo, zimalize zote hata kama maumivu yameisha. Na kumbuka: dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zinazouzwa madukani ni chanzo kingine kikubwa cha vidonda.

Tatizo jingine ni la eneo letu hasa. Saratani ya umio huwapata watu wengi magharibi mwa Kenya na katika Bonde la Ufa. Watafiti wamekuwa wakiichunguza Eldoret na Bomet, na mojawapo ya mambo waliyoyaona ni chai inayonywewa ikiwa ya moto sana. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 yamkini huleta saratani. Huhitaji kuacha chai. Ngoja ipoe kidogo. Pombe na tumbaku nazo huongeza hatari.

Dalili za hatari: usinunue kidonge, njoo kituoni

- Chakula kinakwama kooni au kifuani, au unameza kwa shida. Usingoje mpaka hata uji ushindwe kupita.
- Unatapika damu, au choo chako kina damu au ni cheusi kama lami. (Vidonge vya damu pia hufanya choo kiwe cheusi, mwambie mhudumu kama unavitumia.)
- Unakonda bila sababu, au umeanza kufunga choo ghafla ukiwa mtu mzima.
- Tumbo limevimba, linauma, unatapika, na hupitishi choo wala hewa. Huenda utumbo umejisokota. Hii ni dharura ya upasuaji. Njoo saa hiyo hiyo, hata usiku.
- Kifua kinabana na maumivu yanaelekea mkononi au kwenye taya, huku unatoka jasho. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa moyo.

Ukiombwa kushiriki katika utafiti

Yote uliyoyasoma hapa yamejulikana kwa sababu watu wa kawaida walikubali kuchunguzwa. Huenda siku moja nawe ukaombwa kutoa choo, damu au majibu ya maswali. Uliza mambo haya: Utafiti ni wa nini? Kamati gani ya maadili imeuidhinisha? Nitapata madhara gani, na faida gani? Nani ataona majibu yangu? Nitaelezwa kwa lugha ninayoielewa? Una haki ya kukataa, na hata ukikubali una haki ya kujitoa wakati wowote. Mgao wako wa chakula, matibabu yako na kesi yako ya ukimbizi havipaswi kuguswa kwa sababu umekataa. Mtu akikuambia vinginevyo, toa taarifa kituoni.

Ndugu msomaji, wahudumu wa afya huulizwa habari za choo kila siku, na hakuna atakayekucheka. Sema mapema, wakati shida bado inatibika kwa maji, mboga na maharagwe.